Aliyeachia bila Kusema

Mdogo wangu hakuzaliwa na jina la Almasi. Alipewa na baba mkwe wake, fundi wa vioo, siku mzee huyo alipomwona akikata kioo cha dirisha kwa mkwaruzo mmoja tu, kikaachana palepale alipotaka, bila meno wala ufa. Mzee akasema kwa sauti, ili wanawe wasikie, kwamba alidhani ameozesha mtoto, kumbe ameokota almasi. Mwanawe mkubwa, mume wa Almasi, alicheka. Yeye ni dereva wa malori ya masafa, vioo havimhusu. Mwanawe mdogo hakucheka. Huyo ndiye Shemeji, na habari hii ni ya jinsi mdogo wangu alivyomshughulikia.

Mimi ni dada mtu. Nauza fremu za aluminiamu na vioo vya jumla. Nilianza na fremu moja kuukuu niliyoitembeza mitaani begani, nikaiuza kwa bei ya mpya. Kwa hiyo ninapoeleza habari za vioo, sikusimuliwa.

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Katika karakana ya mzee palikuwa na sheria ambayo hata mpita njia aliijua, maana ilisikika mpaka barabarani. Anayetaka kuondoa mkono, hata mmoja, hata kwa kujikuna pua, husema, "Naachia." Kisha hungoja. Mwenzake akiwa tayari kuubeba uzito wote hujibu, "Nimeshika." Jibu lisipotoka, wa kwanza haachii, hata nyigu amtulie kopeni. Na mwenye kuivunja sheria hiyo habebi tena. Atapaka gundi, atafagia, atapokea wateja, lakini kubeba, basi. Mzee alipofariki aliiacha karakana mikononi mwa mkewe, na mkewe akaiacha sheria kama ilivyo.

Siku ya ajali walikuwa wanapandisha kioo cha dirisha kwenye ngazi za ofisi fulani. Shemeji yuko juu, Almasi yuko chini, na wa chini ndiye mwenye uzito. Sasa, Shemeji ni mwembamba, halafu hapendi mkanda. Husema mkanda ni wa askari. Katikati ya ngazi suruali ikaanza kumteremka. Kioo cha dirisha hakifichi kitu: Almasi alimwona waziwazi akishusha mkono wa kulia kwenda kiunoni. Hakusema neno. Kioo kikainama, kona ikagonga ukuta, na kipande kikashuka kwenye kiganja cha kulia cha mdogo wangu, pale vidole vinapoanzia.

Kabla damu haijafika ngazi ya chini, Shemeji alikuwa keshampigia mama yake. Akamwambia kwamba yeye alisema naachia, Almasi akajibu nimeshika, halafu hakushika. Anayefika sokoni wa kwanza ndiye anayepanga bei, na uongo nao ni hivyohivyo. Sisi tulipofika na ukweli wetu, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, uongo ulikuwa umeshakaa na kunywa maji.

Mama mkwe si mtu mbaya. Ni mtu wa mizani. Almasi akaeleza habari ya suruali, Shemeji akaapa kwa kaburi la baba yake, na yule mama akawatazama wote wawili, akatamka hukumu yake.

"Mmoja wenu hastahili kubeba, na mimi sikuwepo. Mkono ukipona, njoo ubebe mbele yangu, nione. Usipopona, basi, hakuna cha kuamua."

Shemeji aliinamisha kichwa kwa huzuni, lakini mimi nimekaa sana na wauzaji, namjua mtu anayeinamisha kichwa kuficha meno. Hukumu ile ilimfaa. Mkono wa Almasi ukifa, kesi inakufa nao, karakana inabaki kwake, na jina la mdogo wangu linabaki la mwanamke aliyesema nimeshika akadanganya. Katika kazi yetu hilo ni sawa na kuitwa mwizi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alituambia kano zimeshonwa, zile kamba za ndani zinazokunja vidole, kisha akaongeza jambo lililonikera: kushona ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine iko mwisho wa korido, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nikamuuliza kwa nini asimalize mwenyewe alichokianza. Akanijibu kwamba yeye anajua kushona mkono, yule anajua kuufundisha kazi.

Tulipoingia chumba kile nilidhani tumeingia duka la bidhaa zilizokosa wanunuzi. Vitasa vya milango visivyo na milango. Bomba lisilo na maji. Vifungo vya shati vilivyoshonewa kwenye ubao. Beseni la mchele, bakuli la maharage, na kando ya meza ndefu watu wazima wamekaa wanabana vibanio vya nguo kwenye uzi usio na nguo. Mwenye chumba alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye vidole vifupi. Almasi alimwita daktari, akasema yeye si daktari. Wagonjwa walimwita Fundi Vidole, na hilo aliliitikia.

Alichukua bapa la plastiki nyeupe, akalilainisha kwenye maji ya moto, akalifinyanga nyuma ya mkono wa Almasi kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Lilipopoa likawa ganda gumu, vidole vimeinamishwa mbele kidogo visiweze kunyooka na kuzikata kano. Akamwonyesha kazi yake ya nyumbani: kuvikunja vidole vibovu kwa kutumia mkono mzima, taratibu, kisha kuviacha vifunguke vyenyewe mpaka viguse ganda. Kushika, marufuku. Hata karatasi. Hata shuka.

Halafu akamuuliza swali ambalo nilikuja kujua humuuliza kila mtu. Mkono huu ukipona, unautaka kwa kazi gani? Mzee aliyekaa kando yetu alikuwa amesema anataka kujifunga vifungo bila kumwita mkewe. Mama mmoja alitaka kusuka.

"Kuachia," akasema Almasi.

Fundi Vidole akaacha kufunga kamba za ganda. Akasema wagonjwa wote humwambia kushika.

"Kushika kwanza. Kisha kuachia."

Yule bwana hakucheka. Akamweleza kwamba mkono ulioshonwa una tabia moja: kovu likiota ndani, vidole hujikunja vikagoma kufunguka, ukabaki na ngumi nusu maisha yako yote. Kuachia ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, akasema, na kama ndiyo anayoitaka wataanzia hukohuko. Almasi akanigeukia na uso wa mteja aliyeambiwa kwamba kitu anachokipenda ndicho kilichoshuka bei.

Nje, kwenye benchi la korido, alinipa mpango wake wote bila kupepesa. Atapona. Atabeba kioo na Shemeji, juu ya ngazi, yeye juu na Shemeji chini. Kisha ataachia mikono yote miwili bila kusema neno, amtazame. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi na auonje.

Sikumkataza. Mwenye kinyongo ukimkataza unamkoleza. Nilimwambia tu kwamba kwanza apate huo mkono wa kuachilia.

Shemeji naye hakutulia akasahaulika. Alikuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa, tena alichagua saa ambayo majirani wamejaa kibarazani. Akamshika mdogo wangu ule mkono wa ganda kama anashika yai, akampa pole ndefu, kisha akamalizia kwa sauti ya kuwafikia wote: "Ila shem, siku nyingine ukisema umeshika, ushike kweli." Majirani wakaguna kwa huruma, na huruma yao yote ikamwendea yeye. Nikamuuliza kama ameshanunua mkanda. Akacheka, akawaambia majirani kwamba dada huyu ana utani sana.

Karakanani hakuwa mpole hivyo. Wateja wangu waliniletea habari. Alikuwa ameinua meza ya kukatia ya Almasi kwa matofali chini ya miguu, maana yeye ni mrefu, na mdogo wangu sasa asingeifikia hata kwa kuchuchumia. Na kila aliyemuulizia Almasi alijibiwa kwa swali: "Nani, Kaa?" Kisha anakunja vidole vya mkono wa kulia, anatembea ubavuubavu mpaka mlangoni. Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama si ndugu yangu.

Habari za Kaa zilipomfikia Almasi, akafanya kosa. Fundi Vidole alikuwa amemruhusu kuvua ganda wakati wa kuosha mkono tu. Yeye akalivua, akachukua kitambaa cha kufutia sakafu kilicholowa, akaanza kukikamua kwa mkono mbovu. Nilimkuta jikoni, uso umemvimba kwa jitihada, akikiita kitambaa kile kwa jina la Shemeji.

Mahudhurio yaliyofuata hatukusema kitu, lakini kidole cha pete kilikuwa kimevimba, na Fundi Vidole hakuhitaji kuambiwa. Akakaa, akamuuliza Almasi: ukishabandika kioo kwenye fremu kwa gundi, mwenye nyumba akaja saa hiyohiyo kukitikisa aone kama kimeshika, unamwambiaje? Almasi akasema anamtukana. Fundi akasema, "Basi jitukane."

Akajitukana kweli, mbele yetu, na kwa ufundi. Yule mzee wa vifungo akaacha vifungo vyake kusikiliza. Tangu siku hiyo ganda halikuvuliwa ovyo, na mimi nikapata somo la bure: kisasi ni bidhaa, na ukiitoa kiwandani mbichi unajiharibia mwenyewe.

Ganda lilipoondolewa kabisa, kazi ndiyo ilianza. Kovu lilikandwa kwa mafuta mpaka likalainika. Almasi alitiwa mkono kwenye beseni la mchele, macho yamefungwa, atafute kifungo, ufunguo, kipande cha sufi, aseme ni nini bila kutazama. Mwanzoni vyote vilikuwa kama mkate tu, alisema, mkate uliolala. Alibana vibanio. Aliokota maharage moja moja. Alifinya donge la kitu kama chingamu iliyotafunwa na ng'ombe. Fundi Vidole alikuwa na kishikio cha chuma chenye mshale unaoonyesha nguvu ya mkono, na kila Almasi alipokibana mshale ulisogea kama konokono. Kidole kidogo kiligoma kunyooka hadi mwisho. Kiligoma, na hakijakubali mpaka leo. Lakini cha kati na cha pete vilirudi.

Wagonjwa wengine walichoka, wakakosa siku, wakaja na visingizio. Almasi hakukosa. Mzee wa vifungo alimwambia anajitesa, kidole kimoja hakivunji chawa, asubiri vyote vipone. Almasi akamjibu kwamba chawa wake ni mrefu na hana mkanda.

Jioni moja nilimkuta jikoni kwake amepata uwezo wa kushika sufuria kwa mkono wa kulia na kuiweka chini. Alikuwa ananiangalia kwa furaha mbaya. Akasema sasa yuko tayari, nimtafutie kazi ya ngazini.

Nikavuta kiti. Nilimwambia ukweli wa kibiashara. Ukiachia kioo, kitamwangukia miguuni, atalia, atabebwa, na wewe utakwenda kueleza polisi habari ya suruali. Yeye atakuwa mgonjwa, na wewe umeshaona jinsi anavyojua kuvuna huruma. Mama mkwe atasema, kumbe ni kweli huyu hashiki. Utakuwa umemalizia kazi aliyoianza yeye. Tena kioo chenyewe ni changu.

"Kwa hiyo nimsamehe," akasema, na kwa namna alivyoiweka sufuria nilijua hajauliza.

Sikuzungumza habari ya kusamehe. Mimi na msamaha tunaonana barabarani tu. Nilimwuliza: mkiwa kwenye ngazi, yeye chini na uzito wote, akafika kwenye kona, anahitaji nini ili aweze kugeuza mkono? Akanitazama. Anahitaji kusema naachia. Halafu? Halafu anahitaji nimjibu. Na usipojibu?

Sokoni, anayetangulia kuhitaji jibu ndiye anayeshusha bei. Ukikaa kimya vizuri, mwenzako atajipunguzia mwenyewe mpaka uone haya kumpokea. Nilimwona mdogo wangu akilizungusha jambo hilo kichwani kama anavyozungusha kioo kutafuta kasoro. Hakuipata. Akaniuliza swali moja tu: atakapokuwa amenyamaza, yeye naye si atakuwa ameshika? Nikasema ndiyo. Hapo ndipo nilipompelekea Fundi Vidole kazi mpya.

Tulimwambia anarudi kazini, anataka kujizoeza kubeba. Akafurahi, alisema hiyo ndiyo tiba yenyewe. Akaleta bao pana la mbao, akashika upande mmoja, Almasi upande mwingine, na Fundi akafundishwa sheria ya karakana. Wakaanza kuzunguka chumba, bwana yule mnene anarudi kinyumenyume kati ya meza na wagonjwa, naachia, nimeshika, naachia, nimeshika. Wagonjwa wakawa wanaitikia pia, kama wako kwenye ngoma.

Kisha akasema naachia, na Almasi akanyamaza.

Akangoja. Akasema tena. Almasi anamtazama tu. Jasho likaanza kumtoka Fundi kwenye paji, na ingawa lile lilikuwa bao tu, na angeweza kuliweka sakafuni kama mtu mwenye akili zake, hakuliweka. Sheria ile ina nguvu hiyo: ukishaikubali, inakubana kuliko uzito wenyewe. Almasi alikaa mpaka mkono wake ulipoanza kutetemeka, ndipo akasema, "Nimeshika."

Fundi aliweka bao chini, akajifuta. Akauliza kwa upole huyo mtu ni nani.

Almasi akamweleza yote. Nilitarajia mahubiri. Yule bwana akakiangalia kiganja cha mdogo wangu, akalikanda kovu kwa dole gumba huku akiwaza, kisha akasema katika kazi yake ameona kwamba wenye huzuni huacha mazoezi na wenye hasira huyamaliza, kwa hiyo yeye hana ugomvi na hasira. Ila kidole cha pete ndicho kitakachochoka kwanza, akasema. Kikifa ganzi, asijidai shujaa, ajibu. Halafu akamwambia wabebe tena, safari hii kwa muda zaidi.

Kazi niliipata. Mwenye saluni mmoja, mteja wangu, alitaka kioo kikubwa cha kujitazamia ukutani, ghorofa ya juu, na ngazi za jengo lake ni nyembamba zenye kona kali. Nikampelekea mama mkwe ujumbe kwamba mkono uko tayari kutazamwa. Nikampelekea Shemeji ujumbe kwamba kama anaogopa, nitamtafutia Almasi mtu mwingine wa kubeba naye. Alikuja mapema kuliko sisi.

Wasusi walitoka wakajipanga kibarazani na vitana vyao. Mama mkwe alipewa kiti chini ya ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi Shemeji akae chini, nina maneno tayari, lakini hakunipa hata nafasi ya kuyatumia. Mbele ya mama yake na wanawake wote wale alivaa glavu, akasema kwa ile sauti yake ya machungwa, "Shem akae juu. Mkono wake bado mgonjwa. Uzito niachieni mimi." Wasusi wakamsifu. Mimi pia nilimsifu.

Wakapanda. Kioo kilikuwa kimewageukia watu wa chini, kwa hiyo sote tulijiona tukiwa tumekodoa macho. Ngazi za kwanza zilikwenda sawa, Almasi anarudi nyuma hatua kwa hatua, vidole vimekaza, kile kidogo kimesimama pembeni kama cha mtu anayejisikia. Wakafika kwenye kona. Pale wa chini hawezi kugeuka mpaka auhamishe mkono mmoja kutoka ubavuni kwenda chini ya ukingo.

"Naachia," akasema Shemeji.

Kimya.

"Shem. Naachia."

Almasi anamtazama, kioo kimetulia, hana haraka.

Shemeji akadhani hajasikika, akarudia kwa nguvu, na hapo mama mkwe akainua kichwa, kwa sababu katika maisha yake yote ya karakana hakuwahi kusikia neno lile likisemwa mara ya tatu. Mwenye saluni akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, wanapatana bei.

"Shem, nasema naachia, kona hii siwezi kugeuka."

"Nimesikia," akasema Almasi. "Siku ile ulisema?"

Shemeji akacheka kidogo, cheko la kuombea njia. Akasema hayo wataongea juu. Akasema mkono unamuuma. Almasi akamjibu kwamba wake pia, tena yeye wa kwake una haki. Mikono ya Shemeji ilianza kutetemeka, na kioo kikawa kinatutetemesha na sisi tuliokuwa ndani yake, mama mkwe na kiti chake, wasusi na vitana vyao. Akaanza kupunguza, kama nilivyojua atapunguza. Kwanza akasema labda alisema kwa sauti ndogo. Kisha akasema labda alidhani amesema. Almasi hakupokea. Mimi ndimi niliyekuwa nimesimama pembeni mahali pa kuona mkono wake wa kulia, na niliona kidole cha pete kikiwa cheupe, kisha kikilegea. Kilikuwa kimeshakufa ganzi. Almasi alikuwa amebaki na vidole viwili na ubishi. Laiti Shemeji angejua, angengoja kidogo tu, na yeye ndiye angeshinda.

Lakini muuzaji mwenye hofu hatazami mkono wa mnunuzi.

"Sikusema," akasema.

"Mama yuko chini. Mwambie yeye."

"Mama, sikusema." Sauti ilimtoka nyembamba. "Suruali ilikuwa inanivuka. Nikaachia. Hakunijibu kitu kwa sababu sikusema kitu. Shem, tafadhali."

"Nimeshika," akasema Almasi.

Na akashika kweli. Uzito wote wa kioo ulimjia kwa ile sekunde ambayo Shemeji alihamisha mkono, na nikaona kifundo cha mkono wake kikishuka na kusimama. Wakapinda kona. Kioo kikaingia saluni, kikawekwa kwenye vyuma vyake, kikakazwa. Chini, msusi mmoja alikuwa anajizuia kucheka kwa kitana mdomoni na hakufaulu.

Mama mkwe alingoja washuke. Hakumgombeza mwanawe. Alimwambia avue glavu, ampe Almasi. Kwa watu wa karakana ile hilo lilitosha, na Shemeji alizivua moja moja kama mtu anayevuliwa ngozi.

Fundi Vidole alipoona kidole cha pete kilivyovimba hakumpongeza mtu. Alitusema sote wawili, kwanza mdogo wangu kwa kushindana na ganzi, kisha mimi kwa kutazama. Akamrudisha kwenye mchele na maharage kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka. Alipomaliza kusema akauliza, akiwa ameangalia pembeni, kwamba huyo bwana alivumilia kwa muda gani kabla hajakiri. Almasi akamwambia si muda mrefu kama yeye. Fundi akakohoa, akamwekea vibanio mbele.

Watu huniuliza kama sasa wamepatana. Sijui kupatana ni nini kwa watu wanaofanya kazi chumba kimoja. Shemeji bado yupo karakanani. Anapaka gundi, anafuta vioo, anapokea wateja, na hakuna anayemwita mwenzake Kaa tena. Amenunua mkanda. Kila asubuhi inabidi aje kwa Almasi kuuliza kazi ya siku, kwa sababu funguo na orodha ya kazi ni za Almasi. Humkuta amekaa mlangoni anakunywa chai. Kikombe kiko mkono wa kulia, kimeshikwa kwa vidole vyote isipokuwa kile kidogo. Shemeji husimama, husalimia, huuliza. Mdogo wangu huitikia salamu, kisha humalizia chai yake kwanza. Nimeshamwona akinywa chai nyumbani. Huimaliza upesi, huwa inamuunguza na bado anaimaliza. Pale mlangoni, hunywa kwa utaratibu sana.